Kijiji, kata, tarafa, wilaya, halmashauri: Tanzania nani anasaini nini?

MwanaLikoni

Hamjambo nyote. Nauliza kutoka Mombasa. Dada yangu ameolewa Kahama, mkoa wa Shinyanga. Mumewe ni Mtanzania, na amenunua shamba la ekari sita nje ya mji. Alichopewa ni karatasi moja ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji na sahihi za mashahidi wawili. Sasa kila wanakokwenda wanaambiwa "nendeni halmashauri", na nasikia halmashauri zenyewe hapo Kahama ni tatu. Mmoja kawaambia waende kwa DC, mwingine waanze kwa balozi wa nyumba kumi.

Kwetu Kenya kuna kaunti 47, kila moja na gavana wake, kuna MCA wa wadi (mjumbe wa bunge la kaunti), na huku chini kuna chifu na naibu wake. Nikijaribu kulinganisha na huko sipati picha. Gavana wenu ni nani? Chifu ni nani? Na kwa shamba la kijijini, ni sahihi ya nani hasa inayohesabika? Mkijua na upande wa Zanzibar pia nitashukuru, maana tuna jamaa Pemba.

Kibuyu_cha_Asali

Dada, hayo mengine ni kuzungushana tu. DC ndiye serikali wilayani. Waende kwake, atamwita mwenyekiti na mtendaji, jambo litaisha siku hiyo hiyo.

Mtunza_Muhtasari

Kibuyu, hapo umempoteza mwenzako. DC anaweza kumwita mtu ofisini kwake, lakini hawezi kumpa mtu shamba la kijiji wala kuyathibitisha mauziano yake.

MwanaLikoni, Tanzania Bara ina serikali kuu na serikali za mitaa, na zote mbili zinakutana kwenye wilaya ile ile. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa, na si wageni peke yao.

Ya kwanza inashuka kutoka Ikulu. Rais anamteua Mkuu wa Mkoa, anamteua Mkuu wa Wilaya (huyo ndiye DC), na chini ya Mkuu wa Wilaya kuna Afisa Tarafa. Inaishia hapo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa kura, na tarafa haina baraza. DC ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na kazi yake ni kusimamia sera na maagizo ya serikali kuu. Sheria yao ni ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya 1997. Sheria hiyo hiyo inampa DC, na Mkuu wa Mkoa pia, uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani au ametenda kosa la kukamatwa. Anatakiwa aandike sababu. Zikiisha saa 48 mtu afikishwe mahakamani au aachiwe, na haruhusiwi kukamatwa tena kwa sababu ile ile. Kuchelewa kikao au kubishana na DC mkutanoni si sababu, ingawa mara kwa mara tunasoma habari za watu waliowekwa ndani kwa hayo.

Ya pili inapanda kutoka chini: kitongoji, kijiji, kata, halmashauri. Mjini badala ya kijiji na kitongoji kuna mtaa. Hizi ndizo serikali za mitaa, zimo kwenye Ibara ya 145 na 146 za Katiba, na zinaendeshwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982 kwa wilaya na Na. 8 ya mwaka huo huo kwa miji. Ziliwahi kufutwa 1972, enzi ya Madaraka Mikoani, na sheria hizo za 1982 ndizo zilizozirudisha. Wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024, na uchaguzi huo unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, mbali na ule wa Rais na wabunge. Vijiji ni zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, kwa hiyo usishangae mihuri ikiwa mingi.

Sasa gavana. Hana pacha huku. Kazi zake zimekatwa vipande vitatu. Kipande cha kupigiwa kura anacho mwenyekiti wa halmashauri, au meya kwenye jiji na manispaa: ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Kipande cha fedha, watumishi na sahihi anacho Mkurugenzi wa Halmashauri, ambaye ni katibu wa baraza la madiwani lakini anateuliwa na Rais. Cha usalama anacho DC. Hawa watatu wakielewana wilaya inakwenda. Wasipoelewana, utasikia diwani anamlalamikia mkurugenzi, mkurugenzi anasubiri maelekezo ya TAMISEMI, na barabara ya kata inakaa na mashimo yake.

MCA ni diwani. Chifu ndiye hayupo kabisa: uchifu kama ngazi ya serikali ulifutwa kwa sheria 1963. Mnaposikia machifu wa Kisukuma walimtawaza Rais Samia kwa jina la Hangaya 2021, hiyo ni heshima ya jadi, haina muhuri. Kazi ambazo kwenu anafanya chifu, huku anazifanya mtendaji wa kata na, chini yake, mtendaji wa kijiji. Wote wawili ni waajiriwa wa halmashauri, wanalipwa mshahara na wanaweza kuhamishwa. Mwenyekiti wa kijiji hahamishwi, ni mwenyeji aliyepigiwa kura. Ukiingia ofisi ya kijiji, mwenyekiti anaongoza kikao na mtendaji anaandika. Daftari la muhtasari liko kwa mtendaji, na muhtasari ndio roho ya kijiji. Uamuzi ambao haukuandikwa humo ni kama haukufanyika.

Balozi wa nyumba kumi mwacheni kabisa. Ni kiongozi wa chama, wa CCM, tangu vyama vingi virudi 1992 hana nafasi yoyote kwenye muundo wa serikali. Anafaa kama shahidi anayewajua majirani, basi.

Kibuyu_cha_Asali

Sawa mzee, nakubali kuhusu ardhi. Lakini DC anapokea kero za ardhi kila wiki, na zipo zinazotatuliwa.

Mtunza_Muhtasari

Anazisikiliza, ndiyo, na anaweza kumwagiza afisa ardhi aende uwandani. Ila barua ya DC haiwi hati.

Kamba_na_Jiwe

Nijazie upande wa shamba, maana hapo ndipo pesa inapotea.

Kwanza hizo halmashauri tatu. Wilaya si halmashauri. Bara kuna wilaya 139 na halmashauri 184, kwa hiyo zipo wilaya zenye halmashauri mbili au tatu. Kahama ni mfano mzuri: DC ni mmoja, halmashauri ni Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Msalala iko kaskazini, upande wa Geita, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na makao yake yako Ntobo. Ushetu iko kusini na magharibi, nchi ya tumbaku upande wa Tabora, makao yake Nyamilangano. Manispaa iko katikati. Ukikosea halmashauri utarudishwa na nauli imekwenda.

Pili, mjue kama shamba liko kijijini au mtaani. "Nje ya mji" haitoshi, kwa sababu ndani ya mipaka ya manispaa pia kuna vijiji. Msimsikilize dalali, msome muhuri na muulize jina kamili la eneo. Kijiji kilichosajiliwa ni mtu kisheria: kinaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa si hivyo, na mtaa hauna mamlaka juu ya ardhi hata ya mita moja. Mwenyekiti wa mtaa akisaini mauziano anashuhudia tu kwamba anawafahamu waliosaini. Kitongoji nacho hakina mamlaka hayo, ni kipande cha kijiji. Kwa hiyo karatasi mliyonayo, kama shamba ni la kijiji, ina muhuri wa ngazi iliyo chini ya ile inayotakiwa.

Tatu, inayotakiwa ni Halmashauri ya Kijiji. Jina linafanana na halmashauri ya wilaya lakini ni chombo kingine: wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo wenyeviti wote wa vitongoji, na angalau robo yao wanawake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hicho ndicho kinachosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Mtu akimuuzia asiye mwanakijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, mauziano ni batili. Hata kama mlilipa yote, hata kama mashahidi ni ishirini. Kama kijiji kinagawa ardhi yake ambayo haijamilikiwa na mtu, hapo hata Halmashauri ya Kijiji haitoshi, lazima Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kwanza, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na penye migogoro utakuta mara nyingi haujaitishwa mwaka mzima.

Kwa shemeji yako njia ni hii. Yeye na muuzaji waandike barua kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja ya kwake, muuzaji aeleze alilipataje shamba: alirithi, aligawiwa na kijiji, au alinunua. Mke wa muuzaji, au wake zake, waweke ridhaa kwa maandishi. Hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayorudi miaka mitano baadaye mahakamani. Kabla ya kikao, watu watembee mipaka: mnunuzi, muuzaji, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote. Pandeni minyaa au katani kwenye kona mbele yao. Msitegemee mti mkubwa, mti unakatwa mkaa. Pimeni, msikadirie. Ekari moja ni mita 70 kwa 70 kwa mazoea ya kijijini, yaani mita za mraba 4,900, wakati ekari ya vitabuni inakaribia 4,047. Kwa shamba la sita tofauti ni zaidi ya ekari moja nzima, na wapo wauzaji wanaotumia hatua za miguu za mtu mfupi. Andikeni urefu wa kila upande kwa mita, msiandike "ekari sita" peke yake.

Kisha kikao. Kikiridhia, ombeni nakala ya muhtasari yenye mahudhurio na sahihi, na mhakikishe shamba limeingizwa kwenye daftari la ardhi la kijiji. Hapo ndipo mnaweza kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mmiliki mwenyewe, halafu afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya anasaini, anapiga mhuri na kuisajili. Hilo ndilo "nendeni halmashauri" waliloambiwa. Wametumwa ngazi ya mwisho kabla ya kumaliza ya kwanza.

Jina la dada yako lisiwe kwenye hati hiyo maadamu bado ni raia wa Kenya. Hakimiliki ya kimila ni ya raia, na kutoka nchi jirani ya Afrika Mashariki hakuhesabiki hapo. Akipata uraia wa Tanzania ni habari nyingine.

Kuhusu "asilimia kumi ya mwenyekiti": Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina kitu hicho. Kijiji kinaweza kuwa na ada kwenye sheria ndogo, lakini sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka baraza la halmashauri ya wilaya liipitishe. Waombe waone sheria hiyo yenye muhuri wa halmashauri, na wakilipa wapewe stakabadhi ya serikali. Penye maneno "ya soda tu" hakuna stakabadhi.

MwanaLikoni

Aisee, shukrani sana. Hizo mita 70 kwa 70 zimenishtua. Swali dogo: ikiwa mtoto wa muuzaji atatokea aseme shamba ni la urithi wake, wanaanzia wapi? Shemeji kasema huko kuna Sungusungu, kila kitu wanamaliza wao.

Mtunza_Muhtasari

Sungusungu wametokea huko huko, Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakikimbizana na wezi wa ng'ombe. Wanafaa kulinda. Hawaamui mmiliki wa shamba, wasiombwe.

Mgogoro unaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji: watu saba, watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Ikishindikana, Baraza la Kata. Hapa watu wengi bado wana habari za zamani. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linatoa hukumu ya ardhi, lakini mabadiliko ya sheria ya 2021 yameliondolea hiyo, sasa linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Zikipita siku 30 bila Baraza la Kata kumaliza, mnaweza kwenda mbele bila cheti, kwa hiyo mhakikishe siku ya kufungua imeandikwa kwenye nakala mnayobaki nayo. Kutoka Baraza la Wilaya rufaa ni Mahakama Kuu.

Bi_Ng'ambo

Nijibu la Pemba. Huku TAMISEMI haivuki maji. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hivyo Zanzibar ina sheria zake na wizara yake. Mikoa mitano: mitatu Unguja, miwili Pemba. Wilaya 11. Chini ya wilaya hakuna kijiji kwa maana ya Bara, kuna shehia, na mkubwa wake ni sheha. Sheha hapigiwi kura, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Basi yeye kafanana na chifu wenu kuliko mtu yeyote wa Bara. Barua ya utambulisho inatoka kwake, na ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huwezi kumruka. Madiwani wapo, kwenye mabaraza ya manispaa na ya miji na halmashauri, lakini sheha hayuko chini ya diwani.

Ardhi ndiyo msiichanganye kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Hakuna Halmashauri ya Kijiji ya kukupa idhini, wala hiyo hati ya kimila. Mambo hayo yako kwa Kamisheni ya Ardhi. Jamaa zenu wa Pemba wakisikia haya ya Kahama wasiyafuate hata moja.

Ramani_Kuukuu

Kamba_na_Jiwe kataja halmashauri tatu lakini hakusema kwa nini. Nchi hii ina karibu kilomita za mraba 945,000, Kenya 580,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, Zanzibar 1,889,773 kati yao. Lakini hawakukaa sawasawa. Mkoa wa Tabora peke yake una kilomita za mraba 76,151 na watu kama milioni 3.4. Dar es Salaam ina 1,393 tu, na watu 5,383,728. Mwanakijiji wa mikoa hii ya magharibi anaweza kuwa kilomita mia na zaidi kutoka kwa mkurugenzi wake, barabara ya vumbi, na masika haipitiki. Ndiyo maana kila miaka michache maeneo yanakatwa: Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zikawa mikoa 2012, Songwe 2016. Wilaya zilizobaki zinakatwa kihalmashauri.

Ubaya wake uko kwenye makaratasi. Kijiji mama kikizaa kijiji kipya, ramani na daftari hubaki kwa mama. Kata ikigawanywa, nyaraka za baraza la zamani zinabaki kabatini kwa mtendaji wa kata ya zamani. Na mji ukipanuka, kijiji kinageuzwa mtaa: hapo hati ya kimila haitolewi tena, mnaingia kwenye upimaji wa viwanja na hati ya serikali ya miaka maalumu, isiyozidi 99. Mwambie shemeji aulize swali moja kabla ya yote: kijiji hiki kilianzishwa lini, na kilikatwa kutoka wapi?

Jambo jingine kwa Mkenya: sensa ya Tanzania haiulizi kabila, iliuliza mara ya mwisho 1967. Kwa hiyo fomu za kijiji nazo zikiuliza "mkazi", zinataka kujua anaishi wapi na tangu lini. Shemeji akiwa Msukuma wa Maswa ni mgeni hapo kijijini kama alivyo Mchaga.

MwanaLikoni

Wamenitumia picha ya karatasi. Muhuri wa mauziano ni wa kitongoji kweli. Nyuma yake kuna karatasi ya zamani ya baba wa muuzaji, inaonyesha aligawiwa na kijiji 2009, na juu imeandikwa "Halmashauri ya Wilaya ya Kahama". Hiyo ni manispaa?

Kamba_na_Jiwe

Hapana, na msiende manispaa kwa sababu ya jina. Halmashauri ya Wilaya ya Kahama haipo tena, ilikatwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikawa Msalala na Ushetu. Mji nao una halmashauri yake, na umekuwa manispaa 2021. Kwa hiyo shamba linaweza kuwa Msalala, Ushetu au hata manispaa, jina la kata litawaambia. Hiyo karatasi ya 2009 ni nzuri kuliko mliyonunulia: waende nayo kwa mtendaji wa kijiji, waombe atafute muhtasari wa kikao kilichogawa, mwaka huo. Kama kijiji kimekatwa tangu hapo, muhtasari uko kijiji mama. Wakiupata, muuzaji ana ushahidi wa shamba lilikotoka, na kikao cha idhini kinakuwa chepesi. Karatasi wasiiache ofisini, waache nakala.

MwanaLikoni

Kata ni ya upande wa tumbaku. Nimewaambia Jumatatu waanzie kwa mtendaji wa kijiji, na wabebe kamba ya mita hamsini.